Kuimba jazz na soul ukiwa Tabora: maswali ninayoulizwa kila wiki

Naimba, na Jumamosi mchana nafundisha vijana wachache uani kwangu hapa Tabora mjini. Maswali wanayoniletea ni yaleyale, na yale yanayonifikia kwa simu kutoka Kigoma, Urambo na Nzega hayatofautiani nayo sana. Nimeyakusanya hapa ili anayeanza asipoteze mwaka mzima kutafuta jambo ambalo angeambiwa kwa dakika tano.

## Mambo ya mwanzo

Jazz ni nini hasa? Mbona bendi za babu zetu ziliitwa Jazz na zilikuwa zikipiga rumba?

Swali zuri, tena ndilo la kwanza kulijua mtu wa Tabora. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz yenye mtindo wake wa Segere Matata. Watu wa magharibi waliokwenda Dar es Salaam nao walikuwa na Western Jazz na mtindo wa Saboso. Neno "Jazz" kwenye majina hayo lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi: magitaa, tumba, ala za kupuliza, na waimbaji wenye suti. Muziki wenyewe ulikuwa jamaa wa rumba iliyotoka Cuba, ikapita Kongo, ikatufikia.

Jazz ya Marekani ilizaliwa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwa Wamarekani weusi, na rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1917. Nguzo zake ni mdundo unaobembea, noti zilizopindwa kidogo za blues (muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi), na kubuni papo hapo: mwimbaji hurudia ubeti uleule kwa njia nyingine kabisa, na bendi inamfuata.

Ni miziki miwili tofauti, ila nakuomba usiidharau ile ya kwetu. Msikilize Shem Karenga, mtu wa Kigoma aliyeimba na Tabora Jazz, anavyoacha gitaa limalize sentensi aliyoianza yeye. Mwimbaji wa jazz naye anatafuta hilohilo.

Na soul?

Soul ni wimbo wa kanisani uliotoka nje ya kanisa. Miaka ya 1950 na 1960 waimbaji weusi wa Marekani walichukua namna ya kuimba injili, wakaiweka kwenye nyimbo za mapenzi na za maisha. Aretha Franklin alianza kuimba akiwa mtoto katika kanisa la baba yake huko Detroit. Jazz inakupa uhuru wa kuchezea wimbo. Soul inakudai uuamini kwanza.

Nimekulia kwenye kwaya. Itanisaidia au nitalazimika kuisahau?

Itakusaidia sana. Kwaya imekufundisha kusikiliza sauti ya jirani, kushika sauti ya pili bila kuyumba, na kupumua bila kukata neno. Waliolelewa kwenye kaswida wana zawadi nyingine: pumzi ndefu na ule ufundi wa kupambia neno moja kwa noti nyingi bila kulivunja. Ninao wanafunzi wa pande zote mbili na siwezi kusema nani anaanza na faida kubwa zaidi.

Kitu kimoja tu utapunguza. Kwaya inataka sauti yako iyeyuke ndani ya wengine, na ukisimama peke yako mbele ya gitaa tunataka tukujue kuwa ni wewe.

Nina miaka 22 na jazz nimeanza kuisikiliza mwaka jana. Nimechelewa?

Hapana. Samara Joy, aliyezaliwa mwaka 1999 New York, alikulia kwenye familia ya waimba injili, na jazz aliianza kwa bidii akiwa tayari chuoni. Mwaka 2019 akashinda shindano la waimbaji wa jazz lenye jina la Sarah Vaughan, mwimbaji wa jazz wa Marekani, mwaka 2021 akatoa albamu ya kwanza, na mwaka 2023 akapata tuzo ya Grammy ya msanii bora mpya. Kilichombeba ni masikio yaliyokwisha kufundishwa nyumbani na kanisani. Kama umeimba kwaya miaka kumi, hesabu yako haianzi sifuri.

## Sauti yenyewe

Sauti yangu ni ndogo, siwezi kupiga kelele. Niache?

Billie Holiday alikuwa na sauti nyembamba yenye eneo dogo, na bado ni mmoja wa waimbaji wakubwa waliopata kuishi. Alichokuwa nacho ni wakati. Alichelewesha neno nyuma ya pigo, akaliacha lining'inie, ukadhani amesahau, kisha akalishusha mahali ambapo hukulitarajia na bado pakawa sahihi.

Jaribu hivi. Chukua wimbo unaoujua, gonga meza kwa kidole kwa mwendo mmoja usiobadilika, kisha sema maneno kama unamweleza rafiki, ukichelewa kidogo kila mstari. Kidole kisichelewe pamoja na wewe, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Ukiweza dakika tatu, umeanza jazz.

Ukubwa wa sauti ni kazi ya maikrofoni. Ishike umbali wa vidole viwili kutoka mdomoni unapoimba polepole, na isogeze mbali unapopanda juu.

Asali mbichi, tangawizi na yai bichi vinasafisha sauti?

Tabora tuna asali nzuri kuliko ya watu wengi na mimi naipenda. Lakini unachomeza hupita kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti, kwa sababu zile zipo kwenye njia ya hewa. Asali hutuliza koo lililokauka, basi. Yai bichi linaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo siku ya shoo. Kinachozisaidia nyuzi ni maji unayokunywa siku nzima, kwani mwili huzilowanisha kutoka ndani, pamoja na kuvuta mvuke wa maji ya moto na kulala. Wakati wa kiangazi vumbi letu ni adui: funga kitambaa puani ukiwa kwenye bodaboda.

Ukila ugali na nyama saa nne usiku ukalala saa tano, kiungulia kinapanda na kuunguza eneo hilohilo. Kula mapema.

Nimeimba harusi mbili mfululizo na sauti imekauka. Nifanye nini?

Nyamaza. Usinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu nako kunazichosha nyuzi. Siku mbili tatu za kimya na maji mengi hurudisha sauti ya watu wengi. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, na uombe kuelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vinundu kwenye nyuzi za sauti vikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika kwa mapumziko na mazoezi. Nimewaona walioendelea kuimba kwa kulazimisha, na wawili kati yao hawaimbi tena.

Nimepanga chumba, majirani wanalalamika nikifanya mazoezi.

Imba kwa kufumba mdomo. Pia imba ukipuliza hewa kupitia mrija mwembamba uliochovywa kwenye glasi ya maji: haisikiki nje, na ni zoezi linalotumiwa na walimu wa sauti pote duniani.

## Nyimbo

Nijifunze nyimbo ngapi kabla ya kusema mimi ni mwimbaji?

Ishirini na tano, kwa kichwa, bila simu mkononi. Gawanya hivi: kumi za jazz na soul za nje, kumi za dansi letu la zamani, tano zako. Ukumbi ukikuita kwa saa mbili, hizo zinatosha pamoja na mapumziko.

Usizipuuze zile kumi za dansi. Mzee aliyekaa meza ya nyuma hatajua wimbo wa Ella Fitzgerald, mwimbaji mkubwa wa jazz wa Marekani, lakini ukimwimbia wimbo wa ujana wake kwa mwendo wa polepole, ukiwa na gitaa kavu (lisilotumia umeme) na besi tu, ataweka chupa chini akusikilize. Baada ya hapo unaweza kumpeleka popote.

Wapiga gitaa wananiuliza "kii gani?" nami sijui nijibu nini.

Wanauliza wimbo wako una noti ipi ya msingi, ile ambayo wimbo mzima huizunguka na kurudi kwake. Nyimbo nyingi za dansi ziliimbwa na wanaume, kwa hiyo mwanamke akiziimba kwenye kii ya asili anajikuta anaburuza chini au anapiga ukelele juu. Kaa na mtu wa kibodi jioni moja, tafuta kii inayokaa vizuri kwa kila wimbo wako, na uandike kwenye daftari. Mara nyingi utapanda noti nne au tano kutoka kwa mwanamume. Mwanamuziki atakuheshimu siku utakayosema "huu tunapiga F" bila kusita.

Jazz inakubali Kiswahili kweli? Kila nikijaribu inasikika kama nimelazimisha.

Inakubali, na hili ndilo ningependa kila anayesoma hapa alibebe. Kosa halimo kwenye Kiswahili. Kosa ni kuchukua melodia iliyoshonwa kwa Kiingereza na kuivalisha maneno yetu bila kuipunguza wala kuiongeza.

Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja yenye mkazo, kwa hiyo mstari unaweza kuishia kwenye noti moja ndefu yenye nguvu. Neno la Kiswahili halifanyi hivyo. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno linamalizikia kwenye silabi laini. Chukua mstari niliouandika kwa ajili ya darasa:

*Nimekungoja stesheni, treni ya Kigoma imepita.*

Mwanafunzi wa kwanza kuuimba aliivuta silabi ya mwisho: *steshe-niiiii*. Darasa zima lilikunja uso, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Nikamwambia avute *she*, akae hapo kadiri apendavyo, kisha aiache *ni* idondoke kama kijiko kinavyowekwa mezani. *Ste-sheee-ni.* Ghafla akawa dada anayesubiri treni kweli. *Imepita* vilevile: noti ndefu ni *pi*, na *ta* inakuja baada ya pigo, imechelewa. Huko kuchelewa ndiko kubembea tunakokutafuta, na lugha yetu imekwisha kutupa mahali pake.

Jambo la pili ni irabu. Tunazo tano, safi, hazigeuki zikiwa njiani. Vijana wanaoiga Wamarekani wanaimba *moyou* na *mapenziy*. Ukiimba *o* iwe *o* mwanzo hadi mwisho. Karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, kwa hiyo sauti inatiririka bila kugonga konsonanti. Muimbaji wa Kiingereza anahangaika miaka kuutafuta mtiririko huo.

Na Kinyamwezi au Kiha?

Hapo kuna kazi ya ziada. Lugha hizo zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, ilhali Kiswahili hakina toni. Melodia ikipanda pale neno linaposhuka, bibi yako atasikia neno jingine. Msomee mstari mzee anayeijua lugha, msikilize anavyousema, ujenge melodia juu ya msemo wake. Ndiyo njia waliyotumia watunzi wa ngoma zetu, na kwa noti za blues zilizopindwa inapendeza mno.

## Jukwaani

Tabora hakuna klabu ya jazz. Nitaimba wapi?

Harusi, send-off, chakula cha jioni cha hotelini, mahafali, hafla za ofisi. Misimu tunaijua: baada ya masoko ya tumbaku fedha zinazunguka na harusi zinafuatana, na mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi hutulia, nao ndio muda wa kujifunza nyimbo mpya.

Ushauri wangu ni kumwendea mwenye ukumbi na ombi dogo: kila Alhamisi, kwa muda wa saa moja na nusu, wewe na gitaa na besi. Usiku wa Jumamosi ana muziki wake tayari. Alhamisi ana viti vitupu.

Nidai malipo gani, na je, fedha za kutunzwa ni za nani?

Kiasi kinategemea umbali, saa na idadi ya wapigaji, kwa hiyo sitaandika namba. Kanuni ninayoshika ni nusu kabla ya kupanga vyombo jukwaani na nusu kabla ya wimbo wa mwisho. Niliijifunza kwa uchungu. Kuna hoteli tuliimba wiki sita kwa ahadi ya "mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi tukaambiwa meneja amebadilika. Niliwalipa wapigaji wangu kwa kuuza cherehani.

Kutunzwa, zile noti wanazokubandika usoni au kukutupia miguuni, elewaneni kabla. Kwetu zinaingia kwenye kikapu kimoja na kugawanywa sawa, kwa sababu aliyekufanya upendeze ni mpiga besi ambaye hakuna anayemtunza.

Mama yangu hataki. Anasema waimbaji wa kike hawaheshimiwi.

Mama yako hajasema uongo kuhusu aliyoyaona. Usimjibu kwa ubishi. Mwalike kwenye shughuli ya mchana, harusi au mahafali, akuone umevaa ulivyochagua mwenyewe na ulivyolipwa mbele ya watu. Kisha weka utaratibu atakaoujua: nani anakurudisha, saa ngapi, namba ya nani apige. Mimi sipandi gari la mteja usiku, hata awe nani. Mwenye bendi akikuambia sharti la kuimba ni jambo lisilohusu kuimba, ondoka siku hiyohiyo. Bendi nyingine ipo.

## Studio na karatasi

Nirekodi lini?

Wimbo ukishaimbwa mbele ya watu mara ishirini. Kabla ya hapo hujui ni mstari gani unawagusa na upi unawapeleka kwenye simu zao. Vijana wananiletea nyimbo walizorekodi kwa fedha za mkopo, na sauti inasikika kama ya mtu anayesoma. Bendi zetu za zamani zilikwenda kurekodi Radio Tanzania zikiwa zimekwisha kuupiga wimbo kumbini miezi mingi, na ukisikiliza unaijua tofauti.

Prodyuza anasema wimbo ni wake kwa sababu biti ni yake. Kweli?

Kuna haki mbili zinazochanganywa hapo. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na melodia. Ya pili ni ya rekodi yenyewe. Ukiandika maneno na melodia, utunzi huo ni wako. Naye prodyuza anaweza kuwa na sehemu kwenye muziki alioubuni na kwenye rekodi aliyoigharimia. Mgawanyo uandikwe na kusainiwa *kabla* hujaingiza sauti, hata kama ni karatasi ya daftari yenye majina, asilimia, tarehe na shahidi. Ukishaingiza sauti, huna tena cha kushikilia.

BASATA na COSOTA zina tofauti gani?

BASATA ni Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na ndilo linalosajili wasanii na shughuli za sanaa. COSOTA inahusika na hakimiliki, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kisheria kazi yako inalindwa tangu ulipoibuni, lakini usajili ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza pa kuanzia, na wengi wao wanafurahi kuona msanii amekuja bila kuitwa.

Mitandao inalipa?

Polepole. YouTube, kwa mfano, kukupa sehemu ya fedha za matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa muziki wetu wa utulivu hiyo ni safari. Tumia video kama barua ya kazi: maikrofoni moja, gitaa, taa ya dirishani, wimbo mmoja usiokatwa. Karibu kazi zangu zote za nje ya mkoa zimetokana na video za namna hiyo.

## Nje ya mkoa

Ni lazima nihamie Dar?

Si lazima, na usihame bila kile nilichosema kwenye swali la nyimbo ngapi. Kigoma imetoa waimbaji wengi waliokwenda Dar wakafanikiwa, Mwasiti na Peter Msechu wakiwamo. Nawe ukienda, fika na kitu mkononi.

Ukitaka shule, angalia chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) Zanzibar, ambako jazz hukutana na taarabu darasani, au TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, linathamini wanaopiga muziki wa moja kwa moja. Maombi hutumwa mwaka unaotangulia, na hapo ndipo video isiyokatwa inapokusaidia. Lile shindano la Sarah Vaughan nalo hupokea waimbaji wa mataifa yote waliotimiza miaka 18 na ambao hawajasainiwa na lebo kubwa.

Msikilize pia Somi, binti wa wazazi kutoka Rwanda na Uganda, aliyejijengea jina Marekani kwa jazz iliyobeba Afrika ndani yake. Ni majirani zetu hao, ng'ambo ya mpaka tu.

## Visa vya pembeni

Umeme ukikatika katikati ya wimbo?

Usisimame. Shuka jukwaani, sogea watu walipo, na gitaa kavu liendelee. Ndiyo maana kila wimbo wako uweze kuimbwa bila kipaza sauti angalau ubeti mmoja. Mpiga tumba ataokoa yaliyobaki.

Nataka kuimba upya wimbo wa bendi ya zamani. Mtunzi amefariki. Nimwombe nani?

Kuuimba ukumbini ni jambo moja, kuurekodi na kuuza ni jingine. Haki hazifi na mtunzi, zinabaki kwa warithi wake. Kaulize COSOTA kama kazi hiyo ina usajili na kwa jina la nani, kisha itafute familia. Tabora si mji mkubwa. Ukiuliza kwa wazee wa mitaa ya Ng'ambo au Isevya, kwa kawaida mtu wa tatu anaijua nyumba.

Mimi nilikwenda kwa mjane mmoja na kilo mbili za sukari na karatasi ya makubaliano. Alinikaribisha mkekani akaniambia niuimbe kwanza. Nilipofika ubeti wa pili akanyanyua mkono. "Hapo mwanangu umekosea. Unaimba *mwezi*. Marehemu aliimba *mwenzi*." Kanda niliyojifunzia ilikuwa imechoka na *n* haikusikika, na miaka minne nzima nilikuwa namwimbia mwezi wa angani. Akasaini, akataka jina la mumewe litajwe kila ninapouimba, akaniambia nianze tena tangu mwanzo.